Dokta, wamekupa cheo na hakuna aliyekufundisha kuongoza: namna ya kupata formasyo (mafunzo) na kuimaliza bila kuacha gardi (zamu)

Kila kunapotoka majina mapya kule DPS (ofisi ya afya ya jimbo) simu yangu inaanza kulia, na maswali ni yale yale. Dokta, wamenitaja shefu wa stafu, nisomee wapi uongozi? Masta ni lazima? Kuna bursi (pesa ya masomo)? Gardi zangu nitazipeleka wapi? Kuna ya bure yenye cheti? Nimejibu kwa odyo za WhatsApp mpaka nimechoka, basi naandika hapa mara moja na kila atakayeuliza nitamtumia hii.

Niko Bukavu, mashariki mwa Kongo (RDC), lakini wa Goma, Uvira, Minova, Butembo, hata wa Lubumbashi mtajikuta ndani. Ni ya dokta ambaye tayari yuko kazini: shefu wa servisi, MCS (shefu wa stafu, mkuu wa madokta), MD (dokta mkurugenzi) wa hospitali, ao MCZ (dokta mkuu wa zoni ya afya) aliyepewa zoni nzima pamoja na pikipiki mbovu. Kama ungali staji weka hii pembeni kwanza, jifunze kupasua.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usisome mpaka chini kisha ukasirike. Formasyo ya uongozi yenye maana ni ile inayokulazimisha kushika tatizo moja la servisi yako, pamoja na watu wako, kwa miezi, na namba ya kuonyesha kama limepungua. Ile ingine ni kwenda kula perdiemu (posho) hotelini. Perdiemu si mbaya, watoto wanakula, lakini usijidanganye kwamba umerudi kiongozi juu ya kalamu na kibegi chenye logo.

Fakilte ilitufundisha malaria, hernia, sezaryeni (kumpasua mama ili azae). Siku ya kwanza kwenye kiti cha MD unaulizwa primi (nyongeza ya mshahara) igawanywe namna gani, mazutu (dizeli) ya grupu (jenereta) imeenda wapi, na kwa nini maenfirmie (wauguzi) wawili wa pediatri hawasalimiani. Na tuliona wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020: chanjo ilikuwepo, dawa mpya zilijaribiwa hapa hapa, pesa ilikuwa mingi, lakini kesi zilipita 3,400 na watu zaidi ya 2,200 wakafa, na sehemu kubwa ya shida ilikuwa watu hawatuamini na timu zenyewe hazisikilizani. Hakuna kitabu cha farmakolojia chenye kutibu ile.

Uwe na hivi mbele ya kuanza

- Barua ya kutajwa kwenye cheo (nominasyo), hata ya muda. Bila ile, programu mingi zitakuweka nyuma.
- Diploma, kadi ya Ordre ya Madokta yenye kotizasyo imelipwa, na CV ya kurasa 2, vyote kwa PDF. Si picha ya simu yenye kidole pembeni.
- Imeyli unayoifungua. Nimeona mtu akikosa nafasi juu jibu lilikaa kwenye imeyli ya zamani ambayo alisahau neno la siri.
- Saa 4 kwa wiki ambazo unaweza kuzitetea. Usiseme "nitaona", zitaje: Jumatano jioni, Jumamosi asubuhi.
- Watu 3 ao 4 wa servisi wenye kukubali kutembea na wewe, na mmoja kati yao awe enfirmie. Ukiwa na madokta peke yao umeshapoteza.
- Daftari. La karatasi, juu Snel, kampuni ya umeme, haikati daftari.

Hatua ya 1: Jipime, kisha waulize wengine

Tafuta kwenye intaneti referansi ya Canada inayoitwa CanMEDS, ile ya 2015, iko kwa Kifaransa na ni ya bure. Inataja kazi 7 za dokta na uongozi ni mojawapo. Soma ile sehemu peke yake, ni kurasa chache, na kando ya kila mstari andika "nafanya", "nafanya vibaya" ao "sijawahi".

Kisha fanya ile sehemu ngumu. Chagua watu 3: enfirmie mmoja wa zamani, AG (msimamizi wa pesa na mali) wa hospitali, na dokta mdogo kwako. Uliza kila mmoja peke yake maswali 2 tu: ni kitu gani ninachofanya kinachosaidia kazi, na ni kipi kinawachelewesha. Usijitetee. Usieleze. Andika na useme asante.

Onyo: enfirmie wa zamani hatakuambia kitu ofisini mwako, huku wewe umekaa na yeye amesimama. Mfuate kwenye servisi yake wakati hakuna kazi, kaa kwenye benchi lake, muite mama ao papa fulani kama kawaida. Akisema "hakuna shida dokta, tunaendelea vizuri", jua hajajibu. Rudi siku ingine.

Hatua ya 2: Chagua tatizo mbele ya kuchagua shule

Hapa ndipo wengi wanakwenda kinyume. Wanatafuta formasyo kwanza, kisha wakiombwa projekti wanaandika "kuboresha huduma za mama na mtoto", ile ni maneno ya banderole. Tatizo lako litakuonyesha ni programu gani inakufaa, na hata kwenye kuomba nafasi, dokta mwenye tatizo linaloonekana anasomwa mbele ya yule mwenye ndoto kubwa.

Tuseme uko na materinite (wodi ya wazazi) na unajua sezaryeni za usiku zinachelewa. Chukua rejista ya materinite na ile ya bloki (chumba cha upasuaji), ziweke pamoja juu ya meza, fungua kesi 20 za mwisho za usiku. Saa ngapi dokta aliamua kupasua? Saa ngapi kisu kiligusa ngozi? Utakuta kwanza kwamba kwa kesi mingi saa haikuandikwa, na ile tayari ni habari. Utakuta pia mmoja ameandika saa 3 akihesabu Kiswahili na mwingine saa 3 akihesabu Kifaransa, kwa hiyo tangu leo amua: rejista ni 21h00 ao 03h00, basi.

Sasa uliza "juu ya nini" mpaka ufike chini. Mama alichelewa juu ya nini? Bloki ilikuwa imefungwa. Juu ya nini? Ufunguo uko na mtu wa bloki na yeye analala kwake Kadutu. Juu ya nini halali hospitali? Chumba chake cha gardi kimejaa makartoni. Juu ya nini makartoni yako mule? Depo ya dawa inavuja. Unaona, ulianza na "yule mtu wa bloki ni mvivu" na umefika kwenye bati la depo, na kama ungefuata hasira yako ungemuandikia barua ya maelezo na mvua ingeendelea kuingia.

Fanya vile kwa kila sababu, maana hazikosi kuwa 3 ao 4: ufunguo, mazutu ya grupu ambayo AG anafungia na kwenda nayo nyumbani, familia inayotafutwa ilipe kosyo (pesa ya kutanguliza) kwanza, damu. Kisha andika swali moja lenye kila kitu ndani:

"Tutafanya namna gani ili muda wa sezaryeni ya haraka usiku utoke dakika 110 na kufika dakika 60 ndani ya miezi 6, hata kama ufunguo, mazutu na kosyo vinatuchelewesha?"

Hizi namba ni mfano, za kwako zitatoka kwenye rejista yako. Uingereza kwa sezaryeni ya haraka kabisa wanatumia dakika 30 kama kipimo, lakini ukianza kwa kuandika 30 timu yako itacheka na itaacha. Anza pale ulipo.

Ile namna ya kuandika swali inatoka kwenye programu ya uongozi ya shirika la Kimarekani MSH, iliyoanza 2002 kule Aswan, Misri, na timu za wafanyakazi wa afya wa kawaida kabisa, na tangu pale imezunguka nchi mingi za Afrika. Teori yake inaingia mistari 2: kiongozi anachunguza hali, analenga kitu kimoja, anapanga watu nyuma ya kile kitu, na anawatia moyo, meneja anapanga, anagawa kazi, anatekeleza na anafuatilia. Wewe utafanya yote mawili juu hakuna mwingine.

Makosa ya hatua hii:

Kuchagua tatizo ambalo jibu lake liko Kinshasa. Matrikule (namba ya kazi ya serikali), mishahara, primi ya risk, haya ni ya sendika (chama cha wafanyakazi), si ya projekti yako. Kuchagua tatizo linalotaka jengo jipya. Kuchagua tatizo la servisi ya mwenzako, hili ni baya kuliko yote, utapata adui na hutapata namba.

Hatua ya 3: Sasa tafuta programu

Kuna aina kama 5. Sitazipa uzito sawa juu hazina uzito sawa.

*Semina ya siku 3 mpaka 5.* Inaletwa na partenere wa zoni ao wa DPS. Nzuri kwa kujuana na watu, MCZ wa kule ng'ambo ya mlima utamhitaji siku moja akupokelee mgonjwa. Kwa kujifunza kuongoza ni kidogo. Nenda, lakini usihesabu kwamba umesoma.

*Programu ya timu, ndani ya hospitali, miezi kadhaa.* Hii ndiyo ninayoitetea. Mnakutana siku 2 ao 3, mnarudi kazini na kazi ya kufanya, nyuma ya wiki 6 mnakutana tena na namba mkononi, na katikati kuna mtu anakuja kuwaona pale pale servisini. Haitangazwi sana. Muulize EPP, yule ofisa wa DPS anayesindikiza zoni yenu, yeye anajua partenere gani analeta nini na zoni gani zimechaguliwa. Hospitali za makanisa na zile kubwa za Bukavu na Goma nazo mara zingine zinapanga za kwao, uliza hata kama si mfanyakazi wao.

Na kama haipo? Mnaweza kuifanya wenyewe. Chukua hatua ya 2 na ya 7 za hapa, ongeza mukubwa mmoja wa nje ya hospitali atakayekuja mara moja kwa mwezi kuwauliza maswali magumu. Mengi ya yale yanayolipishwa ni hayo.

*Masta ya afya ya umma.* Bukavu kuna shule ya afya ya umma ya UCB (chuo kikuu cha Kikatoliki), Kinshasa kuna ESP (shule ya afya ya umma) ya chuo kikuu UNIKIN, Lubumbashi nao wako na ESP yao kwenye chuo kikuu UNILU. Kwa jibu la swali lenu: hapana, si lazima kwa kuongoza servisi vizuri. Masta inakupa epidemiolojia, kupanga, hesabu za pesa ya afya, na uongozi ni kipande tu ndani. Lakini kama unataka kazi ya zoni, ya DPS ao ya mashirika, utaihitaji, juu wanaoajiri wanaangalia karatasi. Kwa nje ya nchi, wakongo tumesoma sana kwenye Institut ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, na kwenye Chuo Kikuu Senghor cha Alexandria, Misri, kile cha Francophonie (umoja wa nchi zinazosema Kifaransa) kilichoanza 1990. Bursi za Ubelgiji zinapita mara nyingi kwa ARES kwa upande wa vyuo vya wanaosema Kifaransa. Tarehe zinabadilika kila mwaka, angalia kwenye tovuti zao wenyewe, si kwenye picha uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp.

*Kozi za intaneti.* FUN, jukwaa la vyuo vikuu la Ufaransa lililoanza 2013, lina kozi za bure kwa Kifaransa. OMS (WHO) iko na zake za bure, nyingine kwa Kifaransa. Coursera ni Kiingereza zaidi, cheti kinalipishwa, lakini kuna fomu ya kuomba wakupunguzie kama huna uwezo, na inafanya kazi kama ukiijaza kwa uangalifu. Peke yake kozi ya intaneti haikubadilishi. Pamoja na projekti ya hatua ya 2 inakuwa na nguvu.

*Programu za madokta viongozi za nchi tajiri.* Marekani wako na chama chao cha madokta viongozi tangu 1975, Uingereza waliunda chao 2011. Material ni ya hali ya juu, lakini nusu yake ni ya hospitali yenye bima, kompyuta kila kitanda na ofisi ya wafanyakazi yenye watu 12. Ukipata nafasi, chukua yale ya kuendesha mukutano, kuzungumza na mwenzako aliyekosea, kupatanisha watu. Yale mengine yaache pale pale.

Hatua ya 4: Uliza mbele ya kulipa

Waandikie maswali haya, na wakishindwa kujibu hata 2 achana nao:

Kuna projekti ya kufanya kazini kwangu? Nani anafundisha, na amewahi kuongoza servisi? Siku ngapi za kuwa pale, na ngapi za mbali? Kuna mtu wa kunifuata nyuma ya kozi? Naweza kuja na timu yangu ao ni mimi peke yangu? Cheti kinatolewa na nani?

Onyo la pesa: chuo kinachokuambia utume "frais ya dosye" kwenye namba ya mobile money yenye jina la mtu, kimbia. Mwaliko wa konferansi ya uongozi Canada ao Dubai ambayo hukuiomba, yenye kukuambia umechaguliwa kati ya madokta bora wa Afrika na ulipie oteli mapema, ni wizi. Wanachukua majina yetu kwenye mitandao. Dokta anayegundua malaria ya ubongo kwa dakika 5 anaanguka kwenye ile kama mtoto, juu inamsifu.

Hatua ya 5: Ruhusa na gardi

Usiombe ruhusa kwenye koridori. MD atasema "hakuna shida" na nyuma ya wiki 2 atakuuliza uko wapi. Andika barua ya ukurasa 1 kwa Kifaransa, kwake, na kopi kwa MCZ. Iwe na vitu hivi tu: programu gani, tarehe zote, nani atakushikia kila siku utakayokosa (kwa jina na sahihi yake), tatizo gani la hospitali utalishughulikia, na lini utaleta matokeo kwenye CODI (kamati ya uongozi ya hospitali). Hiyo ya mwisho ndiyo inafungua mlango. MD hapendi kupoteza dokta, anapenda kupata jibu la kitu kinachomnyima usingizi.

Gardi zibadilishane kwa karatasi. Tabulo ya mwezi, sahihi za wote wawili, moja ibandikwe stafu. Na ulipe deni lako haraka: kama mwenzako amekushikia Jumamosi, mshikie Jumapili ya kwanza unayorudi. Ukichelewa kulipa mara moja hutapata mtu tena mpaka mwisho wa programu.

Mama wenye watoto wadogo wananiuliza sana hii: omba tarehe mapema kabisa na uulize wazi kama unaweza kuja na mtoto na mlezi. Kuna programu zinakubali lakini haziandiki popote. Dada, usijiondoe mwenyewe mbele ya kuuliza.

Hatua ya 6: Pesa, umeme, koneksyo

Kwa Goma na Bukavu, tangu benki nyingi zilipofunga mwanzoni mwa 2025, kulipa kitu cha nje ni kazi. Kuna wanaovuka Rwanda, Gisenyi ao Kamembe, kulipa, kuna wanaopitia ndugu aliye nje mwenye kadi. Njia yoyote, omba risiti yenye jina lako, si la ndugu, ili cheti kisije na jina la shemeji.

Video pakua usiku ao alfajiri wakati koneksyo inatembea, tazama baadaye. Punguza ubora wa video mpaka chini, unasikiliza mwalimu, huangalii filamu. Kwa darasa la moja kwa moja zima kamera na utumie simu ya mwenzako kama akiba. Hospitali yenye sola ao V-SAT (intaneti ya satelaiti), omba AG akuwekee saa 2 kwa wiki, tayari uko na barua ya hatua ya 5 ya kumuonyesha.

Hatua ya 7: Kufanya kazi yenyewe

Mwezi wa kwanza usirekebishe kitu. Najua mikono inakuwasha. Andikeni saa tu. Kila sezaryeni ya usiku: saa ya kuamua, saa ya kufika bloki, saa ya kisu. Karatasi kubwa ukutani kwenye chumba cha stafu, namba 1 tu, ya wiki. Bila jina la mtu.

Mukutano wa timu ni dakika 30 kila wiki, siku ile ile, nyuma ya stafu (mukutano wa asubuhi), mkiwa mmesimama kama inawezekana. Tumeahidi nini wiki iliyopita, kimefanyika ao apana, wiki hii nani anafanya nini. Enfirmie aongoze mukutano, wewe andika. Hii inawashangaza madokta lakini jaribu: ukiongoza wewe, wote wanakungojea wewe uongee.

Mwezi wa 2 anza na vitu visivyo na bei. Kwa mfano wetu:

Ufunguo wa bloki unakaa kwenye kisanduku kwa shefu wa gardi, kuna daftari la kuutia sahihi. Bidoni ya litri 20 ya mazutu inafungwa na inaandikwa "BLOKI USIKU", haiguswi kwa kitu kingine hata kama gari la MD limekauka, AG na shefu wa gardi wanaitia sahihi kila asubuhi. Kosyo: AG anakubali kwa maandishi kwamba sezaryeni ya haraka inaingia bloki kwanza na familia inaongea na kesya baadaye. Makartoni yanatoka kwenye chumba cha gardi.

Ile ya kosyo itachukua muda. AG si mtu mbaya, yeye ndiye anayeulizwa mwisho wa mwezi pesa iko wapi, na wagonjwa wanaotoroka bila kulipa wako kweli. Mpelekee hesabu: kwa miezi 3 iliyopita sezaryeni za haraka zilikuwa ngapi, ngapi hazikulipwa mpaka mwisho. Mara nyingi yule mwenye kuogopa hajawahi kuhesabu. Na kama hesabu inampa haki yeye, kubali, tafuteni pamoja namna ingine, labda kamati ya CODESA (ya afya ya wakaaji wa mtaa) imjue mama na isimame kwa ajili yake.

Makosa yanayoua projekti hapa:

Kumgombeza enfirmie mbele ya wagonjwa. Utapata utii wa siku moja na uadui wa mwaka. Mwite pembeni, taja kitu ulichoona na saa yake, kisha nyamaza umsikilize: "Mama Furaha, jana saa 03h20 niliomba damu, ilifika 04h15, nataka nielewe katikati kulikuwa nini." Basi. Usiongeze "ninyi kila siku".

Kuruka DN (mkuu wa maenfirmie). Maenfirmie wako na bosi wao. Ongea naye mbele ya kugusa tabulo yao, ama kila kitu kitakwama kwa heshima zote na hutajua ni nani alikikwamisha.

Kujisifu mapema. Namba ikishuka wiki 2, usiiweke kwenye status. Ngoja.

Hatua ya 8: Peleka CODI na uingize kwenye PAO (mpango wa kazi wa mwaka)

Mwisho wa miezi, dakika 10 mbele ya CODI, slaidi 5 si 40. Enfirmie wako aonyeshe namba, wewe jibu maswali. Kisha jambo ambalo karibu wote wanasahau: omba kazi hii iingie kwenye PAO ya mwaka unaofuata, na mstari wake wa pesa, hata kama ni mazutu na karatasi. Kisichokuwa kwenye PAO kinaisha siku ile wewe unapata mutasyo (uhamisho).

Ikikwama

*MD amekataa.* Uliza anaogopa kitu gani, mara nyingi ni gardi. Rudi na tabulo yenye sahihi. Akikataa tena, anza hatua ya 2 na 7 ndani ya servisi yako, kwa hiyo huhitaji ruhusa ya kusafiri, na ombi la mwaka ujao litakuwa na namba ndani.

*Namba imepanda badala ya kushuka.* Mwezi wa kwanza na wa 2 ni kawaida. Zamani kesi mbaya hazikuandikwa, sasa zinaandikwa. Angalia kwanza kesi zenye saa kamili ni ngapi kwa mia. Kama zile zinaongezeka uko njiani.

*Timu inauliza perdiemu iko wapi.* Sema ukweli siku ya kwanza: haipo. Wape kitu kingine cha kweli, jina lao kwenye raporo, barua ya pongezi kwenye dosye kutoka kwa MD, zamu ya kwenda semina inayofuata. Anayebaki nje kwa sababu ya pesa usimlaumu, mshahara unaujua.

*Dokta wa zamani hataki.* Yule aliyeanza hospitali wakati wewe uko shule ya msingi. Usimshindanie kwenye mukutano. Nenda kwake jioni, sema "mukubwa, nimekuja kuomba mawazo", na uwe umekuja kweli kuomba mawazo, juu atajua kama unaigiza. Atakuambia hii kitu ilijaribiwa zamani na ilianguka wapi. Ile ni habari ya bure. Kisha muombe afungue mukutano wa kwanza.

*Umekosa moduli 2 juu ya gardi ao koneksyo.* Mwandikie koordinateri siku ile ile, si mwisho. Omba rekodi na kazi ya kufidia. Wanaonyamaza ndio wanaofutwa.

*Umepata mutasyo katikati.* Projekti inabaki na timu, wewe unahama. Fanya makabidhiano ya ukurasa 1 kwa aliyekurithi, kisha uwaulize wa programu kama unaweza kuanza swali jipya kule unakoenda. Wengi wanakubali.

*Zoni imehama juu ya vita.* Wagonjwa wako kwenye kambi, nusu ya timu iko Goma na nusu haijulikani. Simamisha projekti kwa barua, usiiache tu, waeleze tarehe na sababu. Kama mnaendelea kutibu pale mlipo, badilisha swali liwe la pale: muda wa kumpokea mgonjwa kwenye hema, dawa zinazokatika katikati ya wiki, chochote mnachoweza kuhesabu kwa daftari na kalamu. Rejista za zamani, kama kuna namna, mtu mmoja azipige picha zote kwa simu mbele ya kuondoka.